Rivyu: day care ya Sinza ninayomwachia mwanangu, nilivyoikagua kwa maswali ya wamama wanaoongea Kihispania

Wamama na wababa mnaotafuta kituo cha kulea mtoto upande wa Sinza, Mwenge, Kijitonyama mpaka Ubungo huko, hii ni kwa ajili yenu na itakuwa ndefu kidogo, mnivumilie. Mimi nilipokuwa natafuta kila nikiuliza kwenye magrupu ya wasap najibiwa pale pazuri sana, madada wapo vizuri, mpeleke tu, halafu basi, hakuna anayekwambia dada mmoja anashika watoto wangapi, mtoto akipandisha homa saa 7 mchana anapigiwa nani, maji yakikatika wanafanyaje, mlango wa nyuma unafunguka au haufunguki. Kwa hiyo naandika kama ambavyo ningependa kuandikiwa. Jina la kituo siliweki kwa sababu mama mwenye kituo kashajaa na ameniomba nisimletee simu za watu, anapokea watoto kwa kupitia wazazi waliopo. Kipo Sinza ndani ndani, nyumba ya kawaida ya zamani yenye uzio na mwembe uani, ukipita nje bila kuelekezwa unaweza usijue kama kuna watoto mle ndani.

Niseme kwanza maswali niliyatoa wapi maana ndo yaliyonifanya nichague pale nikaacha kwingine kuzuri zaidi kwa macho. Kazi yangu nafundisha Kiswahili wageni, Masaki, Oysterbay, Msasani, na kwa jinsi watu wanavyopeana namba wanafunzi wangu wengi wamekuwa familia zinazoongea Kihispania. Kuna mama wa Mexico, kuna mtu na mkewe wa Hispania, kuna baba wa Colombia, na kuna dada mmoja Mmarekani wa Texas ambaye wazazi wake walihamia wakitokea Mexico na yeye kabla ya kuja huku alikuwa mwalimu wa watoto wadogo kule kwao. Wote wana watoto wa chini ya miaka 5. Masomo yenyewe nusu yake ni habari za watoto, mtoto ana homa, mtoto hajala, usimpe soda, na wakianza kutafuta kituo wananiomba niwasindikize niwatafsirie. Nimezunguka nao sana. Na usije ukadhani wanachagua sawasawa kwa sababu lugha ni moja, hapana, kila mmoja kaja na ya kwao, ila kuna vitu wanavitazama ambavyo sisi hapa Dar huwa tunavipita.

Cha kwanza wanaanza na watu, kituo kinafuata baadae sana. Yule wa Mexico kabla hajaenda kuona kituo chochote alikuwa kashapiga hesabu ya tiketi ya mama yake mzazi aje akae nao, na anasema kwao ndo kawaida, mama akiwa kazini bibi ndo wa kwanza kuulizwa. Hapo tukaelewana haraka, maana sisi si ndo hivyo hivyo, bibi aje kutoka Tanga au Moshi, akishindwa tunatafuta mdogo wetu, akishindwa dada wa kazi, kituo ni mwisho kabisa. Mimi mwenyewe mama yangu yuko Korogwe ana shamba lake na magoti yanamsumbua, siwezi kumng'oa kule nimfungie kwenye vyumba viwili Sinza na joto hili.

Yule dada wa Texas alinieleza kitu kilichonikaa sana. Marekani kuna watu zaidi ya milioni 40 wanaoongea Kihispania majumbani, na kwa muda mrefu wataalamu kule walikuwa wanasema familia hizi hazipendi vituo, wanapenda bibi na shangazi, ndo utamaduni wao, basi mjadala umefungwa. Watafiti walipokaa kuangalia vizuri wakakuta sehemu kubwa siyo utamaduni. Ni kituo kuwa mbali na hakuna usafiri, ni bei, ni mama anafanya usafi wa maofisini usiku au yuko jikoni hotelini mpaka saa 5 na kituo kinafunga saa 12 jioni, ni kwamba anayepokea mtoto mlangoni haongei lugha yake kwa hiyo hata kuuliza mwanangu alikula nini anashindwa, na wengine makaratasi yao ya kuishi nchini yanawatia hofu hata kujaza fomu. Pale ambapo kituo kilisogezwa karibu, bei ikashuka na mlezi akawa anaongea Kihispania, wazazi walewale wakapeleka watoto. Sasa chukua hayo yalete Mbagala au Kimara uone kama hayafanani. Mama anauza samaki Feri, anatoka nyumbani saa 10 alfajiri, kituo kinafungua saa 1 asubuhi, halafu tunasema wamama wa uswahilini hawana mwamko wa elimu ya awali. Siyo mwamko jamani, ni saa.

Huyo dada alikuwa kwenye mpango wa serikali yao unaitwa Head Start, ulianza 1965 enzi za rais Lyndon Johnson kwa ajili ya watoto wa familia za kipato cha chini, na zaidi ya theluthi moja ya watoto walioko humo siku hizi ni wa asili ya Kilatino, yaani familia zenye asili ya nchi kama Mexico na Colombia. Wana utaratibu kwamba kama watoto wengi darasani wanaongea lugha moja basi angalau mmoja wa wafanyakazi wa darasa lile lazima awe anaiongea. Na wana tawi lake la watoto wa vibarua wa mashambani, wale wanaohama kufuata mavuno, vituo vinafuata msimu na vinafungua mapema kulingana na saa za shamba. Yaani kituo ndo kinamfuata mzazi. Niliposikia hivyo nikajua swali langu la kwanza popote nitakapoenda ni saa za kufungua na kufunga, na la pili ni mtoto anaongeleshwa lugha gani.

Kwa hilo la saa, kituo chetu cha Sinza kinafungua saa 12 na nusu asubuhi na kufunga saa 12 jioni, ukichelewa unalipia elfu 3 kila nusu saa mpaka saa 1 na nusu usiku, hawakugombezi wala hawamkalishi mtoto getini na mlinzi, anakaa ndani na mlezi mmoja anayebaki kwa zamu na hiyo hela inaenda kwake. Kwa foleni ya kutoka Masaki jioni mvua ikinyesha, mimi hilo peke yake nalipatia nyota. Kuna kituo kingine nilienda, kizuri majengo, nikaambiwa saa 10 jioni mtoto awe ameshachukuliwa, nikauliza mzazi anayefanya kazi Posta anatokaje saa 10, wakanambia wazazi wengi wanatuma bodaboda. Mtoto wa mwaka mmoja. Nikashukuru nikaondoka.

Lugha sasa. Hapa naomba niongee kwa urefu maana ndo sehemu inayoniuma. Dar hii ukiona tangazo la kituo, kitu cha kwanza kimeandikwa English medium, hata kwa watoto wa mwaka na nusu ambao hata neno mama hawajalisema vizuri. Na wazazi ndo tunataka, sisemi ni vituo tu. Unaingia unakuta dada wa watu Kingereza chenyewe hakimtoki vizuri, analazimishwa asiongee Kiswahili na watoto, matokeo yake anaongea maneno machache sana kutwa nzima, sit down, come here, no, don't cry, basi, na mtoto wa umri ule anachohitaji ni mtu wa kuongea nae bila kukoma, amwambie hiki ni kijiko, maji yamemwagika, ona kunguru yule anaiba mkate, mama atakuja jioni. Mtoto anakaa kimya na mlezi anakaa kimya. Wale wanafunzi wangu walinishangaza hapo, maana wao ndo ungetegemea watake Kingereza lakini kila mmoja alikuwa anauliza mlezi anaongea sana na watoto au haongei, wakasema lugha yoyote ile aliyokulia nayo yeye mwenyewe, Kiswahili sawa kabisa, Kihispania tutampa nyumbani. Yule wa Texas akasema kwao amekutana na familia ambazo mtoto aliwekwa kwenye Kingereza tupu mapema mno, akifika miaka 7 hawezi kuongea na bibi yake kwenye simu, bibi analia upande wa pili. Hiyo ya bibi nikaiwaza Korogwe.

Kituo chetu wanaongea Kiswahili na watoto, tena Kiswahili cha kuongea siyo cha amri. Nyimbo za Kingereza zipo, kuhesabu kupo, wale wa miaka 4 wanaojiandaa na darasa la awali wana saa yao ya Kingereza na mwalimu anayekijua. Mwanangu aliingia na miezi 9, sasa ana mwaka na nusu na anaongea mpaka jirani wanashangaa.

Haya, mlango. Siku ninamsindikiza yule mama wa Mexico kuona kituo kimoja, mwenye kituo anatutembeza kwa furaha anatuonyesha midoli, makamera, televisheni kubwa, huyu mama anaitikia tu kwa kichwa huku anatazama dari. Akaniomba niulize dari imetengenezwa na nini. Halafu milango ya kutokea iko mingapi, huu wa nyuma funguo anayo nani, na upande wa pili wa ukuta huu kuna nini. Mwenye kituo akaona kama tunamchunguza vibaya. Tukatoka nje tukazunguka, upande wa pili wa ukuta kuna fundi makochi, sponji zimepangwa mpaka zinagusa bati, na mashine ya kuchomelea inarusha cheche hatua chache kutoka hapo.

Kwenye gari ndo akanieleza. Tarehe 5 Juni 2009, mji wa Hermosillo jimbo la Sonora kule kwao, kulikuwa na kituo cha watoto kinaitwa Guardería ABC, kilikuwa kinaendeshwa na watu binafsi kwa mkataba na shirika la bima ya jamii la Mexico, IMSS. Jengo lenyewe lilikuwa ghala lililogeuzwa kituo. Mchana watoto wamelala, moto ukaanzia ghala la jirani lililokuwa limejaa mafaili ya idara ya fedha ya serikali ya jimbo, ukapita juu kwenye dari, na dari ile ikaanza kuyeyuka na kuwaangukia watoto. Njia ya kutokea ya kutosha hakuna. Watu wa mtaani wakakimbilia pale, mmoja akachukua pikapu yake akawa anagonga ukuta kwa gari kutoboa matundu ili watoto watolewe. Walikufa watoto 49. Na kituo kile kilikuwa kimekaguliwa kikapitishwa. Wazazi wale hawakukaa kimya, wakaandamana na kudai miaka mpaka 2011 ikatungwa sheria ya nchi nzima ya vituo vya watoto ambayo watu kule wanaiita Sheria ya 5 Juni. Akasema mzazi wa Mexico akiingia kituo chochote duniani anatafuta mlango kwanza, hata kama hujamuuliza kwa nini.

Mimi sikuweza kuongea kwa muda. Maana sisi wenyewe tuna ya kwetu, Septemba 2020 kule Kyerwa mkoani Kagera bweni la shule ya msingi liliwaka usiku wakafa wanafunzi 10. Na nyumba zetu za Dar mnazijua, kila dirisha lina nondo, mlango wa nyuma una kufuli na ufunguo uko kwenye mkoba wa mtu aliyeenda sokoni, kwa sababu ya kuogopa vibaka. Nyumba ikiwa ya familia wewe ni mtu mzima unajua utatokaje. Nyumba hiyohiyo ikiwekwa watoto 30 wengine hawajaanza kutembea, ni jambo lingine kabisa. Vituo vingi vya mtaani ni nyumba za kupanga zilizogeuzwa na nondo zake zote.

Kwa hiyo nilipofika hapa Sinza mara ya kwanza nikaomba kuona mlango wa nyuma kabla ya kuona kitu kingine. Mama mwenye kituo hakukasirika, akanipeleka. Mlango wa jikoni kuingia uani una komeo la ndani lililowekwa juu ambapo mtoto hafiki, kufuli hakuna mchana. Chumba cha watoto wachanga kiko karibu zaidi na mlango wa mbele. Dirisha moja la chumba cha kulala nondo zake zimewekewa bawaba zinafunguka kwa ndani, anasema fundi wa Mwenge alimfanyia baada ya yeye mwenyewe kuona hatari. Mtungi wa gesi uko nje kwenye kibanda. Kizimamoto kipo, nikageuza karatasi nikaona tarehe haijaisha. Upande wa pili wa ukuta ni nyumba ya mzee mstaafu na bustani yake ya mchicha. Nilichokuta hakipo ni mazoezi, yaani walezi hawakuwa wamewahi kufanya zoezi la kutoa watoto wote nje kwa haraka, nikamwambia, akakubali, na wameshafanya, nilisikia kwa walezi wenyewe kwamba vile vitanda vya mbao vya magurudumu wanaweka wachanga wanne wanne wanavisukuma mpaka chini ya mwembe.

Idadi ya walezi. Wa chini ya miaka 2 wako 10 na walezi 3, wakubwa wako 16 na walezi 2 pamoja na mwalimu. Kwa kulinganisha, ule mpango wa Head Start sehemu ya watoto wa chini ya miaka 3 utaratibu wao ni watoto 8 kwa walimu wawili, yaani wanne kwa mwalimu mmoja, kwa hiyo kwa wale wadogo hapa kwetu hatuko nyuma yao, na kwa niliyoyaona Dar, dada mmoja na watoto 12 wachanga peke yake chumbani na feni haizunguki, hapa ni pazuri. Na kuna swali nililipata kwa yule baba wa Colombia ambalo nawaomba sana mliulize, mlezi mwenye muda mrefu zaidi hapa ana muda gani, na wa mwisho aliyeondoka aliondoka kwa nini. Kituo ambacho madada wanabadilika kila mwezi mtoto anaanza upya kuzoea kila mara. Hapa mlezi wa mwanangu yuko tangu kituo kinaanza, mshahara wanapewa tarehe inayojulikana, wanakula chakula kilekile cha watoto, wana siku ya kupumzika. Hayo niliuliza kwa walezi wenyewe, nikiwa peke yangu nao.

Huyo baba wa Colombia kwao wana kitu nilikipenda, tangu miaka ya 1980 kuna mama wa mtaani anapokea watoto wa majirani nyumbani kwake kama kumi na kitu hivi chini ya taasisi ya serikali ya ustawi wa familia, ICBF, anaitwa mama wa jamii. Yeye alilelewa hivyo. Ndo maana huku Dar alizikataa shule kubwa za Masaki akamtafuta mama anayelea watoto wachache nyumbani kwake Mikocheni. Tunao wamama kama hao tele, Manzese, Tandale, Buguruni, unamwachia mtoto kwa elfu 2 kwa siku na chakula umbebee mwenyewe, ila kwetu anafanya peke yake hana wa kumsaidia, akiumwa yeye watoto wote wanakosa pa kwenda.

Kuhusu kuzoesha mtoto, hili nililiona kwa wale wa Hispania. Kwao mtoto akianza kituo kuna siku za kuzoea, mzazi anakaa nae kidogo, kesho anatoka kwa nusu saa, keshokutwa saa moja, hivyo hivyo mpaka mtoto anatulia, na ni jambo la kawaida kabisa hakuna anayelishangaa. Huku wakaenda kituo kimoja wakaambiwa mzazi anaishia getini, mtoto atalia wiki mbili atanyamaza mwenyewe. Yule baba akaniuliza nimtafsirie tena kama amesikia vizuri. Mimi hapa Sinza niliomba kukaa, nikaruhusiwa, nikakaa kwenye kigoda kona ya chumba siku za mwanzo nikawa naona kila kitu, jinsi wanavyobadilisha pampasi, nani ananawa mikono na nani hanawi, mtoto akimng'ata mwenzie wanafanyaje. Kituo kinachokuruhusu kukaa ndani hakina cha kuficha kikubwa. Kama kuna swali moja la kubeba kutoka kwenye rivyu hii beba hilo, naweza kukaa nae siku za mwanzo? Halafu tazama uso wa anayejibu.

Wanyonyeshaji sasa. Likizo ya uzazi kwetu ni siku 84 kwa sheria ya ajira ya 2004, mapacha 100, na Mexico nayo ni siku 84 wakizigawa wiki 6 kabla na wiki 6 baada ya kujifungua, ndo maana vituo vya lile shirika lao la bima vinapokea mtoto kuanzia siku ya 43. Yaani likizo ya mama ikiisha kituo kinaanza, hakuna pengo. Kwetu likizo inaisha mtoto ana miezi miwili au mitatu na vituo vingi vinataka miezi 6 au mwaka, hapo katikati kila mtu anajua mwenyewe. Hiki cha Sinza rasmi ni miezi 6, hilo namdai, nimemwambia aangalie uwezekano wa kupokea wa miezi 3 hata wawili tu. Ila mama anayenyonyesha anaruhusiwa kuja saa yoyote, kuna kiti na pazia, na ukileta maziwa uliyokamua wanaweka kwenye friji yake peke yake na jina. Sheria yetu inakupa mpaka masaa mawili ya kunyonyesha ndani ya saa za kazi, waajiri wengi hawakwambii, ukiwa na kituo karibu na kazini unaweza kuyatumia kweli.

Chakula fasta fasta: uji wa lishe asubuhi, matunda saa 4, mchana wali au ugali laini au ndizi na maharage, dagaa, samaki aliyetolewa miba, mboga kila siku, jioni viazi au mkate. Ratiba iko ukutani na wanaifuata. Maji ya kunywa yanachemshwa, kuna simtanki mbili kwa ajili ya siku ambazo DAWASA hawatoi. Neti ziko kwenye vitanda vyote. Televisheni ipo lakini ina kitambaa juu, inafunguliwa siku za mvua kubwa. Mtoto akiwa na homa wanapiga simu kabla ya kutoa dawa yoyote, na hawampokei asubuhi akiwa anaumwa, wengine wanalalamika kwa hilo lakini mimi naona ni haki kwa wenzie.

Bei. Nalipa laki na 70 kwa mwezi, fomu elfu 20 mara moja, chakula humohumo, pampasi unaleta. Unaweza kulipa mara mbili kwa mwezi, kwa simu, na risiti inaandikwa. Najua kwa wengi laki na 70 ni hela nyingi. Hapo tena nawaza ya Mexico, walikuwa na vituo vya mitaani vilivyolipiwa ruzuku na serikali tangu 2007 kwa ajili ya wamama wasio na bima ya kazini, 2019 serikali mpya ikaufuta ule mpango ikasema hela tutawapa wazazi wenyewe, peso 1,600 kila miezi miwili kwa mtoto, wachague wapeleke wapi, hata kwa bibi. Dada yake yule mwanafunzi wangu alizipata akampa mama yake, kwa sababu kituo cha mtaani kwao kilikuwa kishafungwa. Wazazi wengine walifurahi, wengine walilia. Mimi maoni yangu hela mkononi bila kituo karibu haikusaidii kuchagua, kunabaki kitu kimoja cha kuchagua. Sisi hatuna hata hiyo. Tuna Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, imeandikwa vizuri sana, natamani siku moja ishuke mpaka iguse ada ya mama wa Tandale.

Usajili. Kituo cha kulelea watoto mchana lazima kisajiliwe chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 na wanaoshughulika ni ustawi wa jamii, kwa Sinza ni Manispaa ya Ubungo. Cheti hapa kiko sebuleni kwenye fremu. Ukifika popote omba kukiona na ukiona wanakuzungusha nenda ofisi ya afisa ustawi ukaulize, hawakuli. Ila mkumbuke cheti ni mwanzo, bado zunguka nyuma ya nyumba.

Kasoro nyingine zilizobaki. Barabara ya kuingilia inajaa maji masika, bajaji zinagoma kuingia na unambeba mtoto mgongoni unaruka madimbwi. Uwanja ni mdogo, wakubwa wa miaka 4 wanahitaji nafasi zaidi ya kukimbia. Grupu la wasap la wazazi lina kelele za biashara, mtu anauza vitenge katikati ya taarifa za watoto, mama mwenye kituo alisimamie hilo. Na mwisho wa mwaka kuna mahafali, majoho, keki, mpiga picha, elfu 40 kwa kila mtoto hata wa miaka 2, mimi nilisema kwenye kikao kwamba hiyo hela tungenunulia kizimamoto cha pili na kulipia mafunzo ya huduma ya kwanza kwa walezi, wazazi wengine wakaniunga mkono wengine wakanuna. Bado tunalijadili, kikao kijacho ni kabla ya likizo ya Juni.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano atapata akipokea wachanga wa miezi 3. Mwenye swali kuhusu vituo vya Mwenge na Kijitonyama nilivyovizungukia aniulize hapo chini, nitajibu nikishamlaza mtoto.